Daktari wa Mzambarau wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Habari mbaya imenikuta juu ya mti, msumeno mkononi. Ofisi ya mji imetangaza kwamba kuanzia mwezi wa sita hakuna kukata hata tawi kwenye ua wa mtu bila cheti cha utunzaji miti. Miaka yote hii nimekata miti ya watu, na haijatokea mti ukaniuliza cheti!

Kozi nilijiandikisha tangu mwaka jana, sikatai. Tatizo ni kwamba kozi yenyewe hainijui sura. Anayejulikana huko ni Shemeji, mdogo wake mke wangu. Hakosi kipindi. Kofia ngumu haimtoki kichwani, hata akitumwa kiberiti dukani anaivaa. Leo amenikumbusha kwa upole (upole wake ndio unaoniudhi) kwamba mtihani una sehemu tatu: maswali, kupanda kwa kamba, na mgonjwa.

Mgonjwa gani? Nikauliza. Kumbe mti! Kila mwanafunzi awe na mti mgonjwa anaouuguza. Mtahini anakuja kuuona ukiwa taabani, kisha anarudi kuona kama umepata nafuu. Shemeji ana mti mzee pale zahanati, wenye shimo shinani. Anauhudumia miezi mingi sasa na akikaa kula anatupa habari zake, leo umeamkaje, jana ulishindaje.

Mimi sina mgonjwa. Mtahini anakuja wiki ijayo.

Mke wangu amesema maneno machache, tena akiwa amenipa mgongo. Sungura walikufa. Studio ya picha ikafungwa. Hili nalo nilimalize, maana amechoka kunitetea kwa mama yake. Ikumbukwe tunaishi vyumba vya uani, kwa huyo huyo mama yake. Nikanywa maji.

Jumanne, 4 Machi

Nimezunguka mtaa mzima kutafuta mti mgonjwa. Hakuna. Miti ya hapa ina afya ya kukera.

Nimerudi nimechoka, nikakaa kwenye ngazi ya chumba chetu. Mbele yangu mzambarau wa Mama Mkwe. Mkubwa, kivuli chake kinafunika nusu ya ua. Chini yake ndiyo ofisi yake, kwani Mama Mkwe ni msusi. Kigoda chake, mkeka wa mteja, kichana cha mbao, na mstari wa wanawake wanaosubiri zamu huku wakimsengenya asiyekuwepo. Wanakuja kwake hata wa mitaa ya mbali, na wenyewe wanasema wazi kwamba wasusi wapo wengi, kivuli kama kile hakipo.

Nikautazama ule mzambarau. Majani ya kijani, yanang'aa.

Nikawaza: mgonjwa si lazima aumwe. Ugonjwa ni kuonekana tu.

Ijumaa, 7 Machi

Nina akili, jamani! Mbona watu hawaoni?

Mama Mkwe alikwenda msibani, mke wangu kazini. Nimekoroga manjano ya jikoni, pakiti zote, ndani ya bomba la kupulizia dawa. Nikapanda na kunyunyizia upande mzima unaoelekea lango. Nilipotazama kutoka chini karibu nilie. Mti unatia huruma! Ukiuona utasema haufiki Jumapili.

Kasoro moja. Bomba linavuja. Nimekuwa wa manjano mikono, shingo, na sijui kwa nini, hadi ndani ya masikio. Nimesugua kwa sabuni ya kufulia, wapi. Mke wangu amerudi, ametafuta manjano yake jikoni, hakuyaona, akanitazama. Nikasema sijisikii vizuri, nikaenda kulala.

Jumapili, 9 Machi

Ningejua ningekaa na unjano wangu kimya.

Mama Mkwe ameniona. Tangu nimwoe binti yake, mama huyu ananiita “yule bwana”. Kunihitaji hanihitaji, salamu ananipa kwa sababu ya adabu zake tu. Jana alinitazama macho, akanishika kiganja, akapiga ukelele. Manjano! Mkwe wangu ana ugonjwa wa manjano! Amefuta wateja wa siku mbili. Ameniwekea kitanda chini ya mzambarau nipate hewa. Ananiletea uji mwenyewe, anaupepea kwanza kwa kifuniko. Dawa ya mizizi aliyochemsha ni chungu kiasi cha kumfanya mtu aungame dhambi za babu yake. Nimemeza yote.

Leo ameniita “mwanangu”. Mara ya kwanza. Alikuwa ananifuta jasho, na mimi nimelala pale natazama juu, naona majani yaliyopakwa manjano yake mwenyewe ya jikoni. Nimeona haya mpaka nikafumba macho. Akadhani nina homa.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua! Tangu alfajiri, ya ndoo. Manjano yote yametiririka yakaingia mtaroni. Saa nne mti umesimama pale, safi, kijani, mzima wa afya.

Mtahini hakuja, barabara imejaa maji. Ameahirisha mpaka wiki ya mwisho ya mwezi. Shemeji ameleta habari akiwa amelowa, amefurahi kwa niaba yangu. Kasema nina muda sasa wa kutafuta mgonjwa wa kweli.

Mgonjwa wa kweli. Maneno hayo yameniganda kichwani kutwa. Mama Mkwe naye kapiga vigelegele kwamba nimepona kwa dawa yake.

Jumatano, 12 Machi

Nimefanya. Naandika upesi nisipate nafasi ya kufikiri.

Nimeazima drili kwa fundi seremala. Upande wa ukutani, ambako hakuna anayepita, nimetoboa shina hadi ndani, usawa wa kiuno. Nikamimina dawa ya kuua magugu. Kifuniko kimoja tu! Nikaziba kwa kipande cha sabuni. Hesabu yangu ni rahisi. Kidogo kitamfanya ajisikie vibaya, si zaidi. Mtahini atamwona kanyong'onyea. Kisha nitaacha dawa, nitamwagia maji, atapona, nitapata cheti, na Mama Mkwe atapata mti wake. Nani ameumia hapo?

Jumamosi, 15 Machi

Hakuna dalili! Mti umeinywa kama chai. Tena nadhani umependeza zaidi.

Nimeongeza kifuniko. Saa mbili baadaye nimekwenda kutazama. Bado. Nimeongeza kingine. Shemeji husema haraka haraka haina baraka, lakini Shemeji hajawahi kufukuzana na tarehe. Nikaongeza cha mwisho. Chupa ilikuwa imebaki kidogo chini, nikaona si vizuri kubakisha.

Jumanne, 25 Machi

Mtahini amekuja. Watu wanamwita Bwana Kipimo kwa sababu haachi kupima. Amepima shina, kivuli, ukuta, na nusura ampime Mama Mkwe. Mti ulikuwa wa manjano, wa manjano kweli safari hii, na majani yanaanguka hata bila upepo. Bwana Kipimo alitikisa kichwa akasema mgonjwa huyu ni mahututi hasa, wengine wamemwonyesha mafua tu. Akaniandikia alama nzuri.

Akaniuliza ninadhani ni nini. Nikasema mti ni mzee, mwili umechoka. Hakuridhika. Akachungulia juu ya ukuta, akamwona jirani yetu fundi viatu akipulizia magugu uani kwake. Akasema huenda dawa ya jirani inapenya kwenye mizizi. Nikaitikia kwa kichwa. Niliitikia mno, shingo inaniuma hadi sasa.

Mama Mkwe alikuwa amesimama nyuma yetu, kichana mkononi. Amesikia kila neno.

Jumapili, 30 Machi

Mama Mkwe hamsalimii fundi viatu. Wamepakana miaka, wakigongeana ukuta kuombana chumvi. Asubuhi fundi viatu aligonga, hakujibiwa. Akagonga tena. Nilikuwa chumbani, nikajifunika mto.

Mti unazidi kuisha. Naumwagia maji asubuhi na jioni. Nimetandaza nyasi kavu kuzunguka shina. Shemeji ameniletea mboji yake yote aliyoichanganya kwa ajili ya mti wa zahanati. Yote! Amepiga magoti kando yangu, akanionyesha jinsi ya kulegeza udongo bila kukata mizizi midogo. Kasema wa kwake unaweza kusubiri, wetu ndio wa hatari. Wetu! Nilitamani anitukane.

Mchana nilijipa moyo. Nikaenda kwa Mama Mkwe, nikachuchumaa kwa heshima, nikamwambia, “Mama, kuhusu mti, kuna jambo nimekuficha.” Hakuniacha nimalize. Akasema anajua. Anajua ninavyoficha kwamba hali ni mbaya, nisimvunje moyo. Akasema binti yake alipomleta mtu wa sungura na picha yeye alilia, lakini sasa anaona Mungu alikuwa na maana yake kumletea daktari wa miti nyumbani. “Pambana, mwanangu,” kaniambia. “Ukikushinda, ujue ungemshinda yeyote.”

Nikasema asante mama. Asante ya punda ni mateke, na punda ndiye mimi.

Jumatano, 16 Aprili

Umekufa.

Bwana Kipimo amerudi. Amekwangua gome kwa ukucha, ndani kumekauka, rangi ya tumbaku. Akajaribu tawi, likakatika kama biskuti. Amesema matawi makubwa yako juu ya bati la jikoni na juu ya kichwa cha kila anayesuka pale, kwa hiyo mti ushuke kesho, usingoje. Kisha akanigeukia akasema kazi hiyo ataihesabu kuwa mtihani wangu wa kupanda. Daktari mzuri, kasema, anajua pia kumzika mgonjwa.

Mama Mkwe aliuliza swali moja tu. Je, kisiki kinaweza kubaki? Hataki kutoka asubuhi akute mahali patupu. Bwana Kipimo akasema kinaweza, usawa wa kigoda. Mama akashukuru, akaingia ndani. Mke wangu ananiambia amekaa kitandani anafungua na kufunga kichana chake kwenye kitambaa.

Alhamisi, 17 Aprili

Katika maisha yangu sijawahi kukata mti kwa adabu kama leo.

Nimevaa mkanda, nimekagua kamba, nimekagua tena. Kila tawi nimelikata kwanza kwa chini kidogo, kisha kwa juu, kama kitabu kinavyotaka, ili lisivunjike na gome. Mti umekufa, gome lake la nini? Lakini sikuweza kuurarua. Kila kipande kimeshuka kwa kamba, taratibu, Shemeji akishika chini. Hata bati halikuguswa. Bwana Kipimo alikuwa akiandika na kutabasamu. Mama Mkwe alikaa mlangoni mwa jikoni, kautazama ukuta.

Gogo la mwisho ndilo lenye tundu. Nilisahau! Naapa, kwa uchungu wote ule nililisahau. Lilipoanguka sabuni ilichomoka. Shemeji akainama. Akanusa. Akanitazama. Nikangoja anifichue mbele ya mtahini na mbele ya mama yake.

Akalisukuma gogo kwa mguu, tundu likalala chini. Akaendelea kukunja kamba.

Jioni alinikuta kwenye bomba la maji. Hakupandisha sauti. Alisema, “Shemeji, mimi sisemi. Mama yangu hataweza kusikia haya kutoka kwangu. Utamwambia wewe.” Nikasema nitamwambia. Akauliza lini. Nikasema karibuni. Akavuta pumzi, akaenda zake. Kama angenipiga kibao leo ningelala vizuri.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimefaulu.

Maswali nilipata alama za kusukuma tu, kwa sababu nilikaa nyuma ya Shemeji nikaona kofia peke yake. Lakini kupanda nimepata za juu, na kwa mgonjwa Bwana Kipimo ameandika kwamba nilikabili msiba kwa utulivu. Shemeji pia amefaulu, tena kwa sifa. Mti wake wa zahanati umetoa majani mapya bila ile mboji.

Mama Mkwe ameweka vyeti vyetu kwenye fremu, akavitundika sebuleni. Changu ameweka juu, cha mwanawe chini. Nikamwambia mama, cha Shemeji kiwe juu, ana alama nyingi. Akacheka, akasema unyenyekevu huo ndio uliomshinda. Mke wangu alinikumbatia mbele ya watu, jambo ambalo halifanyi. Kaniambia sikioni kwamba safari hii hakuhitaji kunitetea.

Shemeji alikuwa anakula. Hakuinua macho kwenye sahani.

Nimekaa mezani chini ya cheti nilichokitaka, nikasogeza sahani kando.

Ijumaa, 2 Mei

Mama Mkwe anasukia chumbani sasa. Bati tupu juu, dirisha dogo. Wateja wanajipepea kwa viganja, jasho linawaingia machoni, wanasema watarudi wiki ijayo, hawarudi. Leo amekuja msichana mmoja tu, naye aliondoka kichwa nusu, akasema atamalizia kwa msusi wa kule sokoni.

Mama hakulalamika. Alikusanya nywele zilizoanguka, akafagia. Kisha akachukua kigoda akaenda kukaa pembeni ya kisiki, juani, khanga kichwani. Nikamuuliza kwa nini asiingie ndani. Akasema amezoea hapa.

Nimeamua. Kesho kabla ya chai namwambia yote. Manjano, drili, vifuniko, na fundi viatu asiye na kosa. Anifukuze. Liwalo na liwe. Nimeshamwambia Shemeji pia, amenipa mkono. Nimejisikia mtu.

Jumamosi, 3 Mei

Niliamka alfajiri, moyo mweupe kabisa. Nikanawa. Nikavaa shati safi, mtu huwezi kuungama na fulana. Nikatoka uani kupanga maneno.

Sasa, fundi viatu naye ana mzambarau wake, mdogo, na tawi moja linapita juu ya ukuta hadi kwetu. Sijui ni nini kilitokea. Mkono wangu ulivunja kijitawi, chenye majani mawili matatu mabichi. Kisiki kina ufa. Nikakichomeka pale, nikakandika udongo. Nilitaka tu kuona kingekuwaje. Ningekichomoa.

Mama Mkwe akatoka na kigoda chake.

Alipiga yowe nikadhani ameona nyoka. Kimechipua! Njooni, kimechipua! Alipiga magoti chini kabisa, na magoti yake yalivyo mabovu. Akakimwagia maji kwa kikombe, kidogo kidogo, kama anamnywesha mtoto. Alicheka huku analia. Akanishika mikono yote miwili, akasema kwamba ina baraka. Tangu mti ushuke sijamwona akicheka, na nilicheka naye, kwa furaha ya kweli kabisa, mpaka nilipokumbuka.

Shemeji alitoka mlangoni, mswaki mdomoni. Akaona kijitawi. Akamwona mama yake. Akaniona mimi na shati langu safi. Akageuka akarudi ndani.

Jumatatu, 5 Mei

Mama Mkwe amepeleka habari mtaa mzima. Amewaambia wateja wake wavumilie, kivuli kiko njiani. Amegonga ukuta mwenyewe akamsalimia fundi viatu, akasema yaliyopita si ndwele. Mzee wa watu alikuja mbio na kiatu cha mtu mkononi. Walizungumza mpaka chai ikapoa. Sasa mtu aje kuharibu amani hiyo kwa ukweli? Ukweli gani usio na huruma?

Jana mchana majani yalinywea. Mama akahangaika, akauliza kama chipukizi linahitaji daktari. Nikamwambia aniachie mimi, na mtu yeyote asiliguse, liko kwenye hali nyeti. Leo alfajiri nimebadilisha, jipya na bichi. Halikutambulika. Fundi viatu haamki mapema, na ukuta si mrefu kwa mtu mwenye cheti cha kupanda.

Ukweli nitausema, hilo halina mjadala. Lakini mama apate nguvu kwanza.

Kuna jambo moja tu la kuzingatia, na hapo ndipo utaalamu wangu unapohitajika. Chipukizi hukua. Haliwezi kubaki na majani matatu milele, hata Mama Mkwe ataona. Kwa hiyo kila wiki lazima niweke kijitawi kirefu kidogo kuliko cha wiki iliyopita, na baadaye kinene kidogo. Nimeukagua vizuri mzambarau wa fundi viatu. Una matawi ya kutosha mpaka Desemba.